Maoni ya Msomaji wa Mswada

Msomaji aliyekabidhiwa mswada wa kitaaluma ili aupime aghalabu huandika pembeni: "Istilahi haifai." Twaonelea kwamba maoni ya namna hii si uhakiki, bali ni hukumu isiyo na sababu. Mwandishi hajui kosa liko wapi, wala atie neno gani badala yake.

Tuchukue mifano ya wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara. Mwandishi akitaja "Wamang'ati", haitoshi kulikata jina hilo kwa wino mwekundu. Msomaji aeleze kwamba limetoka kwa Wamaasai, nalo maana yake ni adui. Kwamba wenyewe hujiita Wadatoga. Na kwamba Wabarbaig waishio Hanang ni tawi mojawapo tu la hao. Vivyo hivyo "Wambulu": jina la mahali wamevikwa Wairaqw, hali Mbulu ina Wadatoga na Wahadzabe pia. Maoni kama hayo humwachia mwandishi elimu, wala hayamvunji moyo.

Mfano wa pili ni mzito zaidi. Mashamba ya ngano ya Hanang, yaliyopanuliwa kwa msaada wa Kanada katika miaka ya 1970 na 1980 chini ya shirika la umma la NAFCO, yalichukua malisho ya Wabarbaig. Mwandishi akiziita nyanda hizo "ardhi tupu", amekwisha kuamua ugomvi kabla ya kuueleza. Ugomvi huo ulifika Mahakama ya Rufani, ambayo mwaka 1985 ililipa shirika ushindi dhidi ya Kijiji cha Mulbadaw. Msomaji asimtuhumu mwandishi upendeleo. Amwulize: tupu kwa nani? Kisha apendekeze "malisho ya msimu", istilahi inayoonyesha matumizi yenyewe, yaani kuhamisha mifugo kwa majira ili nyasi zipate kuota tena.

Kwa hiyo twashauri kila oni liwe na mambo matatu: mahali penye tatizo, sababu yake, na pendekezo. Tena msomaji ataje na yaliyo mema, mwandishi asije akayafuta pamoja na mabaya. Wafasiri, walimu na watumishi wa serikali huzipokea istilahi zikiwa zimekwisha kupigwa chapa. Jina la dharau likishaingia vitabuni na ofisini, kulitoa huko ni kazi ya miaka mingi.