Peter Suber na Ufundi wa Kuandika Kisichopotea

Tarehe 28 Machi 2001, profesa wa falsafa katika Chuo cha Earlham, chuo kidogo cha mji wa Richmond, jimbo la Indiana nchini Marekani, alituma toleo la kwanza la jarida lake la barua pepe. Jina lake Peter Suber. Jarida lilitetea jambo moja, ufikiaji huria: tafiti za kitaaluma, ambazo wasomi huziandika bila kulipwa na majarida yanayozichapisha, zisomwe bure mtandaoni na kila anayezihitaji. Mwaka 2003 aliacha kazi ya kufundisha ili aitumikie hoja hiyo muda wote, na jarida likaendelea hadi 2013 kwa udhamini wa SPARC, muungano wa maktaba za vyuo vikuu.

Wengi wanamfahamu Suber kwa hoja zake. Wachache wameangalia namna alivyozihifadhi, ilhali huko nako kuna la kujifunza. Mwaka 2024 kituo cha utafiti cha Pew kiliripoti kwamba asilimia 38 ya kurasa za wavuti zilizokuwapo mwaka 2013 hazikupatikana tena miaka kumi baadaye. Maandishi ya Suber, yaliyoanza muda mrefu kabla ya hapo, bado yanasomeka, na yananukuliwa kwa anwani zinazofunguka. Ukifuatilia yalivyotunzwa, utaona kwamba kazi kubwa ilifanyika siku ile ile ya kuchapisha.

Maandishi mepesi, tarehe wazi

Hatua ya kwanza ilikuwa kuchagua umbo. Toleo moja lilikwenda kwa wasomaji kwa barua pepe, na maandishi yale yale yakawekwa kwenye ukurasa wa HTML wa kawaida. Ukurasa wa aina hiyo hauhitaji hifadhidata wala programu ya pekee: kivinjari chochote, cha zamani au cha sasa, kinaufungua. Anayetaka kuuhamisha ananakili faili tu.

Pamoja na hayo alikuwa mwangalifu wa tarehe. Muhtasari wake wa ufikiaji huria, uliowekwa mtandaoni Juni 2004, alikuwa akiurekebisha mara kwa mara kwa zaidi ya miaka kumi, nao unaonyesha siku ulipowekwa na siku uliporekebishwa mara ya mwisho. Mtu anayeunukuu anajua ameshika nakala ya lini. Kwa maandishi ya utetezi hilo ni muhimu mno, maana sera hubadilika, na hoja isiyo na tarehe haiwezi kupimwa.

Ruhusa kabla ya hifadhi

Hatua ya pili ndiyo iliyobeba uzito. Desemba 2001 kundi dogo la watetezi lilikutana Budapest, na tamko lao likatangazwa tarehe 14 Februari 2002. Suber ndiye aliyekuwa mwandishi wake mkuu. Tamko lile halikuishia kwenye kusoma bure. Lilitaka msomaji awe na haki ya kupakua, kunakili, kusambaza, kuchapa, kutafuta ndani ya maandishi na kuyaunganisha, mradi mwandishi atajwe ipasavyo na kazi yake isivurugwe.

Suber aliifuata kanuni hiyo katika kazi zake mwenyewe kwa kuziweka chini ya leseni ya Creative Commons inayodai kutajwa tu. Watu huichukulia leseni ya namna hiyo kuwa ukarimu kwa wasomaji, lakini kwa mtunzaji wa maktaba ni chombo cha kazi. Bila leseni, sheria ya hakimiliki inachukulia kwamba haki zote zimebaki kwa mwandishi. Mkutubi anayetaka kuweka nakala kwenye seva yake inambidi aombe kwanza. Mwandishi akiwa amehama, amestaafu au amefariki, ombi linakwama na makala inapotea pamoja na seva ya asili. Leseni inajibu ombi hilo mapema, hata kwa mtu ambaye hajazaliwa bado.

Ruhusa hii ina mipaka yake. Ikishatolewa haiwezi kunyang'anywa kwa anayeitumia ipasavyo, na leseni ya kutaja tu inaruhusu hata mtu kuuza nakala. Ndiyo maana hoja ya Suber ilijikita kwenye maandishi ambayo mwandishi hategemei kulipwa. Mwalimu mwenye muswada wa kitabu cha kiada anachotarajia kukiuza ana hesabu nyingine. Aliyeandika makala ya kutaka sera ibadilishwe hana cha kupoteza ikinakiliwa.

Namba badala ya mahali

Kurasa zake za mwanzo ziliishi kwenye anwani ya mfanyakazi wa chuo: jina la Earlham, alama ya ~, kisha neno peters. Anwani kama hiyo ina udhaifu wake, kwani imefungwa kwa mtu mmoja ndani ya taasisi moja. Baadaye kurasa hizo zikawa zinapatikana kwenye seva ya Earlham yenye jina legacy, yaani ya mambo ya kale.

Alipokwenda Harvard, aliingiza maandishi ya jarida katika DASH, hifadhi ya kidijitali ya chuo hicho, kila makala kama kazi inayojitegemea. Kila moja ikapata anwani yenye umbo hili: nrs.harvard.edu/urn-3:HUL.InstRepos: kisha namba. Ukiitazama vizuri, anwani hiyo haisemi faili iko kwenye mashine gani wala folda gani. Inataja namba ya kazi tu. Msomaji akibofya, mfumo unatazama katika jedwali lake faili iko wapi leo, kisha unampeleka huko. Seva ikibadilishwa, jedwali ndilo linalorekebishwa, na anwani iliyochapwa kwenye kitabu cha mtu inabaki sahihi. Sharti lake ni kwamba awepo mtu, na taasisi nyuma yake, wa kulitunza jedwali.

Connotea ilipofungwa

Sehemu moja ya kazi yake haikuwa na kinga hiyo. Mwaka 2009 alianzisha mradi wa kufuatilia habari za ufikiaji huria, ambamo watu wengi waliweka alama kwenye viungo, kama oa.new kwa jambo jipya. Mradi ulijengwa juu ya Connotea, huduma ya bure ya Nature Publishing Group. Machi 2013 Connotea ilifungwa.

Mradi ulihamia TagTeam, programu huria iliyotengenezwa kwa ajili yake huko Harvard. TagTeam inahifadhi kumbukumbu zenyewe na kuruhusu zitolewe nje. Tena inaruhusu wachangiaji waandike alama wanavyotaka, kisha inazigeuza zile zisizokubalika ziwe zilizokubaliwa, hivyo orodha haivurugiki. Huduma ya bure inafaa kusambazia maandishi, ila nakala mama isikae huko peke yake.

Juu ya hatua hizo aliongeza vitabu. *Open Access* kilitolewa na MIT Press mwaka 2012, na mwaka mmoja baadaye kikawa cha bure mtandaoni. *Knowledge Unbound*, mkusanyiko wa maandishi yake ya 2002 hadi 2011, kilitoka 2016 kikiwa huria tangu siku ya kwanza. Jarida la barua pepe likawa limefika kwenye rafu.

Kwetu

DASH imejengwa juu ya DSpace, programu huria ya MIT na kampuni ya HP iliyotolewa mwaka 2002. Programu hiyo hiyo inaendesha hifadhi za Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Nairobi. Chombo tunacho, tofauti iko kwenye namna ya kukisimika. DSpace ikiwekwa bila kusajiliwa, anwani zake hutumia kiambishi cha majaribio: 123456789. Angalia anwani za hifadhi kadhaa za vyuo vya ukanda huu, utakikuta. Anwani hiyo inafunguka tu maadamu seva ya chuo haijabadilisha jina, kwa kuwa haipo kwenye rejista ya dunia ya anwani za kudumu. Nairobi ina namba yake, 11295, na namba kama hiyo hupatikana kwa kujisajili na kulipa ada ndogo kila mwaka.

Mwalimu asiye na chuo nyuma yake anaweza kupakia faili yake kwenye hifadhi ya mtandaoni ya Internet Archive bila kuomba kibali cha mtu. Kinachomkwamisha mara nyingi kiko ndani ya faili yenyewe: uchambuzi mzuri wa mtaala au lugha ya kufundishia unazunguka kwenye makundi ya WhatsApp kama PDF isiyo na jina, tarehe wala ruhusa. Mkutubi akiupata hajui aueleze vipi, wala kama anaruhusiwa kuuhifadhi.

Anwani ya kudumu inadai ada, seva na mtu wa kuitunza. Jina, tarehe na leseni vinaenea katika mstari mmoja chini ya makala, na mwandishi anaweza kuuandika leo bila kusubiri bajeti ya maktaba.