Bega Linalojua Mkono Ulipo

Mchuma chai wa Kebirigo, katika milima ya Gusii nchini Kenya, hatazami vidole vyake. Macho yameshatangulia kwenye mchai wa mbele huku mikono miwili ikichuma majani mawili na chipukizi na kutupia kapuni mgongoni. Kule Tabaka, wanaosugua vinyago vya mawe ya sabuni kwa msasa na maji huachia kiganja kiamue kama jiwe limelainika.

Mkono ukikatwa na mashine ya kukatia nyasi za ng'ombe, ujuzi huo wa kutotazama huenda nao. Kuurudisha ndiko kazi ngumu kuliko zote za fundi wa viungo bandia, na kwayo namheshimu mno.

Kwa mkono wa mota, fundi hupapasa kigutu akitafuta msuli unaovimba mtu anapojaribu kukunja kiganja asichonacho. Hapo huweka elektrodi. Umeme wa msuli hupimwa kwa sehemu za milioni za volti, nao ukikuzwa hufumba na kufumbua vidole. Reinhold Reiter wa Ujerumani aliandika kuhusu mkono wa namna hiyo mwaka 1948. Lakini msuli huamuru bila kujibiwa: mwenye mkono hana budi kuukodolea macho ajue umefika wapi.

Bega hujibiwa. David Simpson wa Edinburgh, aliyewatengenezea mikono ya kuendeshwa kwa gesi watoto walioathiriwa na dawa ya thalidomide tumboni mwa mama zao, aliufunga mwendo wa mkono na mwendo wa bega. Bega likisogea, mkono ulifuata. Mkono ukizuiwa, bega nalo lilizuiwa. Mtoto alijua mkono wake ulipo kama anavyojua bega lake lilipo. Sijaona wazo zuri kuliko hilo katika fani hii nzima.

Kwa milima ya Gusii, ningeanzia hapo. Jasho na manyunyu huvuruga elektrodi, ilhali waya unaounganisha bega na mkono ni ndugu wa waya wa breki ya baiskeli, na fundi wa Keroka aweza kuubadilisha. Kiwiko kiachiwe bega, vidole viachiwe msuli. Kisha mikanda inayoushikia waya huo begani ipimwe mtu akiwa ameinama, kapu likiwa mgongoni, maana mkanda uliokaa vizuri kwenye kiti cha kliniki hulegea shambani, na bega likavuta bure.