Silinda, Mfuko na Haki ya Mashindano

Kila mchezo wa kushindana huanzia kwenye karatasi. Kabla mtu hajakimbia wala kupiga mpira, yupo mwingine aliyekwisha kaa chini akaandika nani ashindane na nani, na kwa kipimo gani. Watazamaji hawaisomi karatasi hiyo. Wao wamekuja kutazama vumbi. Lakini mimi, yamkini kwa sababu ya kazi niliyoifanya miaka mingi ya kupanga watoto katika madarasa na kusahihisha mitihani yao, huiona kuwa ndiyo sehemu ya mchezo inayostahili kuhakikiwa kwanza, kama tunavyohakiki tamthiliya au riwaya. Mchezaji hufanya analoweza. Mtunga kanuni ndiye anayeamua uwezo ni kitu gani.

Karatasi ninayotaka kuihakiki hapa ni ya mbio za pikipiki, na hasa mbio za klabu, zile za watu wasiolipwa ambao Jumatatu asubuhi hurudi kazini kama wengine. Kanuni kuu ya mbio hizo ulimwenguni kote ni kugawanya pikipiki kwa ukubwa wa injini, yaani ujazo wa silinda unaopimwa kwa sentimita za ujazo, ambazo vijana wetu huziita "sisi". Majirani zetu wa Kenya na Uganda, ambao wameupenda mchezo wa motokrosi kutuzidi sisi, wanafuata utaratibu huo huo. Nenda Jamhuri Park, Nairobi, au Busiika, kaskazini ya Kampala, utawakuta watoto wadogo kabisa wakianzia kwenye pikipiki za cc 50, halafu wakipanda hadi 65, 85 na 125, na watu wazima wakiwa katika madaraja ya juu yanayoitwa MX2 na MX1. Mtoto wa miaka saba hapangwi mstari mmoja na baba yake. Hilo ni jema, na sitarajii mtu mwenye akili timamu alipinge.

Tena kipimo hiki kina sifa moja ambayo mwalimu yeyote ataipenda: hakibembelezeki. Wasukuma tuna mashindano yetu ya ngoma, ya Wagika na Wagalu, ambamo pande mbili hucheza kwa wakati mmoja, na upande unaovuta watazamaji wengi ndio unaoshinda. Utamu wa ngoma zile ni huo, kwamba umati wenyewe ni hakimu na unahukumu kwa miguu yake. Lakini huwezi kwenda nyumbani ukaikagua hukumu ile kwa rula. Silinda unaweza. Chukua Honda CG125, pikipiki ambayo injini yake ndiyo mama wa injini nyingi za Kichina zilizojaa katika miji yetu. Upana wa silinda ni milimita 56.5, na pistoni husafiri milimita 49.5. Mtoto wa sekondari aliyeshika vizuri kanuni ya ujazo wa mcheduara atakupatia cc 124 na nukta kidogo, na jibu halitabadilika hata kama mwenye pikipiki ni mtoto wa mheshimiwa.

Basi kipimo ni safi. Tatizo ni kwamba kinajibu swali moja tu, nasi tunakichukua kana kwamba kimejibu yote.

Tuanze na injini yenyewe. Wanaokumbuka miaka ya mabwana shamba wa pamba wanaikumbuka Yamaha DT 125, ile iliyokuwa ikila oili pamoja na petroli na kuacha moshi wa buluu nyuma yake. Nayo ni "125" kama CG. Lakini injini ya mipigo miwili huwaka kila krenki inapozunguka mara moja, wakati ya mipigo minne huwaka mara moja katika kila mizunguko miwili. Ziweke mbili hizo pamoja kwenye mlima mmoja, na ile ya bwana shamba itaondoka. Wakubwa wa motokrosi walilitambua hilo zamani, ndiyo maana katika MX2 injini ya mipigo miwili ya cc 125 hupangwa pamoja na ya mipigo minne ya cc 250, na katika MX1 ile ya 250 hukutana na ya 450. Kwa maneno mengine, wenye kanuni wenyewe wamekwisha kiri kwamba namba iliyoandikwa ubavuni mwa pikipiki siyo nguvu yake.

Kwa hakika historia ya mchezo huu ilianza bila namba hiyo. Mbio za Tourist Trophy za kisiwa cha Man, zilizoanza mwaka 1907, ziligawanywa kwa idadi ya silinda na kwa mafuta: pikipiki ya silinda moja ilitakiwa kwenda maili 90 kwa galoni, na ya silinda mbili maili 75. Charlie Collier alishinda kwa silinda moja akiwa na Matchless, Rem Fowler kwa silinda mbili akiwa na Norton. Na jambo la kuchekesha ni kwamba Collier alikuwa na mwendo wa wastani wa zaidi ya maili 38 kwa saa, na Fowler, mwenye mashine iliyodhaniwa kuwa kubwa, maili 36 na kitu. Fowler alisumbuliwa na plagi na matairi njia nzima. Mashine yake ilikuwa na mbio kuliko zote siku ile, lakini haikuwa na bahati. Mimi naipenda kanuni ile ya galoni. Ilimuuliza dereva kitu ambacho sisi watu wa huku tunakielewa sana: utafika wapi kwa mafuta uliyonayo?

Nayaandika haya kwa sababu hapa Somanda lipo jambo ambalo bado halijaamuliwa. Vijana wa kijiwe kimoja cha bodaboda wanataka kuanzisha klabu na kufanya mashindano yao wenyewe, kiwanjani, mbali na barabara. Kusudi lao ni zuri, na nitasema kwa nini. Hivi sasa mashindano yao hufanyika kwenye lami ya kwenda Lamadi, jioni, bila kofia, kati ya malori na ng'ombe. Wengine wamebaki na vyuma miguuni, na wapo waliokwisha zikwa. Kijana akikwambia anataka kuutoa mchezo huo barabarani na kuupeleka kiwanjani, humwambii asubiri.

Waliniletea rasimu ya kanuni nisahihishe Kiswahili. Kiswahili chao hakikuwa kibaya. Kilichonishughulisha ni kanuni ya tatu, inayosema kutakuwa na madaraja mawili: pikipiki zisizozidi cc 125, na zinazozidi hapo. Atakayekutwa amezidi kipimo ataondolewa.

Sasa fanya hesabu pamoja nami. Pikipiki ya bodaboda hufanya kazi toka alfajiri hadi usiku. Silinda ikilika, fundi huichonga na kuivalisha pistoni kubwa kidogo. Ikilika tena huichonga tena. Ile CG ya milimita 56.5 ikiongezwa milimita moja tu, ujazo wake unafika cc 128 na nusu. Kijana wa namna hiyo, ambaye pikipiki yake imezeeka kwa kubeba magunia na wagonjwa, ataondolewa kwa kosa la kuwa na injini "kubwa", na mwenye pikipiki mpya kutoka dukani atapita kifua mbele. Na ukiingia daraja la pili utaikuta Boxer inayoitwa 150, ambayo kwa kipimo halisi ina cc 144.8. Huyu amezidisha kwa jina asiadhibiwe, yule amezidi kwa umaskini akatolewa nje. Niliandika pembeni kwa wino mwekundu: pawepo na kiasi kinachoruhusiwa kwa silinda iliyochongwa. Kiasi hicho kitarekebisha kosa la hesabu. Ila lipo kosa jingine ambalo haliwezi kurekebishwa kwa rula.

Wengi wa vijana hawa hawamiliki pikipiki wanazopanda. Wanapanda kwa mkataba. Bosi anakabidhi pikipiki, kijana anapeleka hesabu kila siku kwa muda waliokubaliana, na muda ukiisha bila deni, chombo kinakuwa chake. Hebu wapange mstarini vijana wawili, wote wa cc 125, wote wa kilo zile zile, wote hodari. Mmoja pikipiki ni yake, tena baba yake ana duka. Wa pili amebakiza miezi minne kumaliza mkataba. Wanaikaribia kona. Nani atafunga mafuta kwanza? Huyu wa pili, bila shaka, wala si kwa woga. Akianguka akavunja foko na kupinda rimu, kesho hakuna hesabu, na keshokutwa bosi atamtafuta mtu mwingine. Kona ile ile moja ina bei mbili. Halafu msemaji kwenye kipaza sauti atatutangazia kwamba wa kwanza ana moyo kuliko wa pili, na sisi tutapiga makofi.

Hapo ndipo ugomvi wangu na kanuni ya ukubwa wa injini ulipo. Inapima kilichomo ndani ya silinda kwa uangalifu mkubwa, ikifumba macho kuhusu ni mgongo wa nani utakaolipa anguko. Na ubaya wake ni kwamba, kwa kuwa inapima kitu kimoja vizuri, inawafanya watu waamini haki imekwisha tendeka. Nimewaona wazazi Jamhuri Park wakishusha kwenye gari pikipiki mbili za mtoto mmoja, moja ya mbio na moja ya akiba, huku mtoto wa daraja lile lile akisubiri fundi amfungie mnyororo uliokatika. Wote cc 65.

Wapo waliojaribu kuupima mfuko. Kisiwani Man huko huko, mwaka 1923, zilianzishwa mbio za watu wa ridhaa tu, ili mtu aliyelipwa na kiwanda asije kumwonea anayejilipia. Nia ilikuwa njema. Lakini nani wa ridhaa? Anayepewa pikipiki na rafiki mwenye karakana je? Anayepewa matairi bure? Mabishano yakawa mengi, na mwaka 1930 mbio zikabadilishwa jina kuwa Manx Grand Prix, na kanuni ile kali ya ridhaa ikalegezwa. Hapa kwetu Afrika Mashariki, waanzilishi wa Safari ya mwaka 1953 walikwenda kwa njia nyingine: waliyagawa magari kwa bei yake katika maduka ya Nairobi badala ya ukubwa wa injini. Mimi naona ile ilikuwa kanuni ya busara kuliko sifa iliyopewa, maana mtu aliyenunua gari la bei ndogo alishindana na wa bei ndogo. Hata hivyo bei ya dukani haikwambii nani ana fundi wake na nani anajilaza mwenyewe chini ya gari.

Kanuni iliyo karibu zaidi na haki, kwa ninavyojua, ilitoka kwa wafanya biashara. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wauzaji wa Yamaha nchini Uingereza walifadhili mbio zilizoitwa Pro-Am. Pikipiki zote zilikuwa za aina moja, RD350LC katika miaka iliyovuma zaidi, zote mali ya waandaaji, na kila dereva alipata ufunguo kwa kura. Hakujua atapanda ipi mpaka amechomoa ufunguo. Mbio zile zilikuwa kali ajabu, watu wakigusana viwiko kwenye kila kona, kwa sababu hakuna aliyekuwa akivunja mali yake. Nia ya kampuni, bila shaka, ilikuwa kuuza pikipiki, lakini shabaha ya mtu haizuii jambo lake kuwa zuri.

Hicho ndicho nilichowaambia vijana. Waache madaraja mawili. Watafute pikipiki sita au nane za aina moja, hata Boxer za cc 100, wapige kura ya funguo, na baada ya kila raundi wabadilishane, ili kila mmoja apande nzima na apande kimeo. Viwanja vya Nyakabindi vilibeba Nane Nane ya kitaifa mwaka 2018 hadi 2020. Nafasi ya kuzungushia pikipiki nane haikosekani. Wazito na wepesi watabaki, maana kwenye injini ndogo kilo ishirini za mwili zinasikika, lakini hilo mzani wa pamba unaweza kulimaliza.

Mmoja wao, kijana mpole, alinipinga kwa adabu. "Shikamoo Mwalimu," alianza, ingawa tulikwisha salimiana, "lakini hapo mtu atashindaje kwa pikipiki ambayo si yake? Mimi hii nimeitengeneza mwenyewe." Nikakubali kwamba hoja yake ina uzito. Fundi naye ni mshindani, na kanuni ya kura inamfuta kabisa. Kijana anayejua kusikiliza kabureta usiku wa kuamkia mbio, akabadilisha jeti na kulala na mikono ya oili, ana ufundi unaostahili zawadi kuliko hata kona. Labda pawe na siku mbili, siku ya kura na siku ya kila mtu na chombo chake. Siku hiyo ya pili sitaki kusikia habari ya mshindi wa jumla.

Rasimu imerudi kwao. Kanuni ya tatu wameiandika upya mara mbili sasa, na bado wanabishana juu ya nafasi niliyoiacha wazi makusudi chini ya ukurasa, inayouliza nani atalipa foko ikivunjika: klabu, bosi, au aliyeanguka.