Kiboko cha Kanuni na Kiboko cha Darasani

Msomaji, lifikiri kidogo neno kiboko. Kwanza ni mnyama mkubwa akaaye majini. Kisha ni mjeledi uliotengenezwa kwa ngozi ya mnyama huyo. Mwisho ni pigo lenyewe, hata twasema kwamba mtu alichapwa viboko sita, ijapokuwa fimbo iliyomchapa ilikatwa katika ua wa shule. Neno hili lilitoka mtoni, likapita shambani na mahakamani, likaingia darasani. Yafaa tuifuate safari hiyo, ili tupate kuipima hoja isikikayo mara kwa mara hapa Eldoret, kama isikikavyo kote Kenya, ya kwamba watoto wameharibika tangu walimu waliponyang'anywa fimbo.

Haifai kudai kwamba wazee wetu hawakujua kuadhibu. Husemwa kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye. Lakini mzazi aliyempiga mwanawe alimpiga mtoto mmoja amjuaye, kwa kosa alijualo. Shule ilileta jambo jipya, yaani mtu mzima mmoja mbele ya watoto wengi wasio wake. Wamisionari walikuja na mafundisho ya Mithali juu ya fimbo na mwana. Waingereza walikuja na desturi ya shule za kwao, ambako henzirani ilikuwa chombo cha kazi kama chaki. Na katika koloni lenyewe hata watu wazima walichapwa. Mwaka 1907 mlowezi Ewart Grogan aliwachapa Waafrika mbele ya mahakama ya Nairobi, umati wa Wazungu ukitazama. Mwaka uliofuata kundi kubwa la Makaburu lilifika katika uwanda wa Uasin Gishu, na kwenye shamba nambari 64 ukaota mji huu wa Eldoret, ambao wengi waliuita Sisibo kwa nambari hiyo. Katika nchi ambamo bwana shamba alimchapa mtumishi wake, si ajabu kwamba mwalimu naye alimchapa mwanafunzi. Mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o alieleza, katika kitabu chake cha mwaka 1986 kuhusu lugha, jinsi mtoto aliyesikiwa akisema Kikuyu shuleni alivyochapwa fimbo au kuvikwa kibao shingoni. Kosa lake lilikuwa kusema kama mama yake.

Uhuru ulikuja mwaka 1963, na kiboko kikabaki. Mwaka 1972 serikali ilitoa kanuni za nidhamu shuleni, na kanuni hizo zastahili kusomwa kwa makini. Zilisema kwamba kiboko kitumike kwa makosa mazito tu, kama vile uongo, uonevu, utoro, ukaidi mkubwa au uzembe wa kudumu. Kwanza uchunguzi kamili ufanywe. Mwalimu mkuu ndiye mwenye madaraka juu ya adhabu hiyo. Shahidi awepo, ila wanafunzi wengine wasiwepo. Mapigo yasizidi sita. Kisha jambo zima liandikwe.

Sasa jiulize, wewe msomaji, au uwaulize wazazi wako waliosoma zamani: je, hicho ndicho kiboko walichokijua? Mwaka 1999 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti juu ya shule za Kenya. Ilionyesha kwamba watoto walikuwa wakichapwa na mwalimu yeyote, mbele ya wenzao, kwa kuchelewa, kwa kuzungumza darasani, kwa sare iliyochanika, kwa kushindwa kujibu swali. Mfikirie mtoto wa mtaa wa Langas, afikaye shuleni kengele imekwisha kulia kwa sababu alitumwa maji asubuhi. Kanuni ilitaka aulizwe kwanza. Lakini mlangoni pa darasa haulizwi mtu. Mkono hunyoshwa na fimbo hushuka.

Watetezi wa kiboko hujibu kwamba huo ulikuwa utumiaji mbaya, na kwamba kikitumiwa vizuri kitafaa. Hii ndiyo hoja yao yenye nguvu, nayo haistahili kudharauliwa. Lakini itazame kwa karibu. Mwalimu hushika fimbo kwa sababu gani? Aghalabu ni kwa sababu hana wakati. Ana watoto sitini au zaidi, kelele zimezidi, na somo halijaisha. Kiboko cha kanuni chamtaka achunguze, amwite mwalimu mkuu, atafute shahidi, aandike. Kama angekuwa na wakati wa kufanya hayo yote, angekuwa na wakati wa kuzungumza na mtoto pia. Basi kiboko kinachoitii kanuni hakimfai kitu, na kile kimfaacho hakina budi kuivunja. Hii ndiyo sababu kanuni ya 1972 haikuweza kushikwa, hata na watu wema. Wanaotaka kiboko kizuri kirudi wanakitaka kitu ambacho darasani hakikupata kukaa.

Wengine hutaja ghasia za shule za sekondari kuwa ushahidi kwamba kukosekana kwa fimbo kumezaa ukorofi. Hapo kumbukumbu imewapotea. Mwaka 1991, katika shule ya St. Kizito huko Meru, wasichana 19 walikufa usiku mmoja wavulana wa shule hiyo walipowavamia bwenini. Mwezi Machi 2001, huko Kyanguli, wavulana 67 waliteketea kwa moto uliowashwa bwenini mwao. Mambo hayo yote mawili yalitokea kanuni ya 1972 ikiwa bado haijafutwa. Sisemi kwamba kiboko ndicho kilichoyaleta. Nasema tu kwamba hakikuyazuia.

Kanuni hiyo ilifutwa mwaka huo huo wa 2001. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 29, ikampa kila mtu haki ya kutoadhibiwa kwa kupigwa. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ikaongeza faini isiyozidi shilingi 100,000, au kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili. Hata hivyo fimbo haijatoweka shuleni, na mwaka 2021 Waziri wa Elimu, George Magoha, alitamka hadharani kwamba angependa irudishwe.

Kwa nini? Hapa lawama haiwaangukii walimu peke yao. Mwaka 2003, miaka miwili tu baada ya kiboko kupigwa marufuku, elimu ya msingi ilifanywa kuwa bila malipo, na zaidi ya watoto milioni moja wakaongezeka madarasani. Lilikuwa jambo jema na la heri. Lakini mwalimu aliyeondolewa fimbo mkono mmoja alijazwa watoto mkono wa pili, wala hakuongezewa wenzake wa kutosha wa kumsaidia. Anayedai kwamba fimbo ikae kando, na asidai kwamba mwalimu apate msaidizi na darasa la kiasi, amefanya nusu ya kazi.

Nayasema haya kwenu vijana kwa sababu baadhi yenu mtakuwa walimu. Wengi wamefundishwa kazi hiyo karibu na mji huu, katika Chuo Kikuu cha Moi kilichoanzishwa mwaka 1984, na wengine watafuata. Siku moja mtoto atasimama mlangoni pa darasa lako, amechelewa, viatu vimejaa matope, na darasa zima likikutazama utafanya nini. Sheria itakuwa mbali, nawe utakuwa peke yako. Shika basi sehemu moja tu ya ile kanuni ya zamani, iliyokuwa njema kuliko zote, nayo ndiyo iliyosahauliwa mapema kuliko zote: muulize kwanza. Ukishapata jawabu lake, ndipo utazame kama bado waiona haja ya fimbo.