Kazi Iliyofunikwa na Hedi

Gari kuukuu likitoka Likoni kwenda Ukunda, hata likiwa gonjwa, litafika. Njia ni tambarare na upepo wa bahari unalisaidia. Ligeuze Kombani, lipakie magunia na watu, lipande Milima ya Shimba kuelekea Kwale mjini mchana wa Februari, ndipo utakapolijua. Mshale wa joto hupanda pamoja na barabara, na kabla ya mji gari limeshaegeshwa ukingoni, boneti juu, dereva akiuliza nyumba za jirani kama kuna maji. Kesho yake utasikia kwamba gasketi ya hedi imeungua. Watu watalaumu mlima. Fundi mzuri ataulizia kisima.

Ardhi ya pwani hii, kuanzia Diani hadi Msambweni na kwenda kusini, imekaa juu ya matumbawe. Maji ya visima vyake hubeba chokaa, na karibu na bahari hubeba chumvi pia. Mtu huyanywa akayazoea, rejeta haiyazoei. Chokaa hujenga ukoko ndani ya vijibomba vyake vyembamba, chumvi hula alumini, na joto hukosa pa kutokea. Juu ya hayo ipo desturi ya kung'oa thamostati kwa hoja kwamba nchi yetu ni ya joto, haina haja nayo. Katika injini nyingi kifaa hicho ndicho pia kinachofunga njia ya mkato, ili maji ya moto yasirudi kwenye injini kabla ya kupita kwenye rejeta. Kikitolewa, sehemu ya maji huzunguka ndani kwa ndani, na aliyetafuta baridi huongeza joto.

Gasketi yenyewe ni bamba jembamba linalolazwa kati ya bloki, yaani mwili wa injini, na hedi inayoufunika kwa juu. Kazi yake ni kutenganisha vitu vitatu: maji, oili, na moto wa silinda ambao mafuta yakiwaka hupita nyuzi 2,000 za sentigredi. Katika magari mengi ya zamani bloki ni ya chuma cha kusubu na hedi ni ya alumini, na alumini hutanuka kwa joto karibu mara mbili ya chuma. Kwa hiyo kila safari hedi husogea kidogo juu ya bamba hilo, na bamba huvumilia. Injini ikichemsha, hedi hupinda. Dereva akiimwagia maji baridi ingali ya moto, anaweza kuipindisha zaidi. Ndipo maji yanapoanza kupungua bila tone kuonekana chini, viputo vinapotokea kwenye rejeta, na oili inapogeuka rangi ya chai ya maziwa.

Kubadilisha gasketi nyumbani, chini ya mkorosho, kunawezekana, na wengi wamefanya. Adui wa kwanza ni mchanga. Kusi likivuma hedi haifunguliwi uwanjani. Husubiriwa asubuhi iliyotulia, ardhi hunyunyizwa maji, na leso kuukuu hutandikwa mezani. Kila bolti hupachikwa kwenye kipande cha katoni kilichotobolewa kwa mpangilio wa injini, na fimbo za valvu vivyo hivyo, ili kila moja irudi ilikotoka.

Chukua Peugeot 504, gari lililoanza kuuzwa mwaka 1968, likashinda Safari Rally ya 1975 mikononi mwa Ove Andersson, na ambalo pikapu zake zilibeba watu na mizigo ya Kenya kwa miaka mingi. Pistoni zake hupanda na kushuka ndani ya slivu zilizozungukwa na maji, zilizosimama tu kwenye vikao vyake, zikishikiliwa na uzito na mkazo wa hedi. Anayeing'oa hedi kwa kuivuta juu moja kwa moja anaweza kuzinyanyua, uchafu ukaingia chini yake, na maji yakapata njia mpya ya kufika kwenye oili. Kwa hiyo hedi hiyo hutikiswa kwanza, huku na huku, mpaka iachie. Kisha slivu hubanwa kwa bolti na washa pana, na krenki haiguswi kabla ya hapo. Hakuna nguvu inayotakiwa hapa isiyozidiwa na subira.

Baada ya hapo kazi yote ni usafi. Gasketi za zamani nyingi zilikuwa na asbesto, kwa hiyo mabaki yake hulowanishwa kabla ya kukwanguliwa, vumbi lisipate kuvutwa puani. Matundu ya bolti hukaushwa hadi chini: oili ikibaki humo, bolti hugota kwenye oili, spana ya kipimo hudanganyika, na bloki inaweza kupasuka. Rula ya chuma hulazwa juu ya hedi, kwa urefu na kwa mshazari. Kwa injini nyingi, mwanya unaozidi milimita 0.05 kati yake na rula ni mkubwa mno. Ukizidi hapo, hedi hufungwa gunia na kuvushwa kivuko cha Likoni ikasawazishwe kwa mashine Mombasa. Wakati wa kukaza, bolti za katikati hutangulia, kisha za kando, kwa awamu, bila kumaliza moja kabla ya nyingine.

Wahenga walisema chema chajiuza. Gasketi iliyofungwa vyema haina namna ya kujiuza: hedi ikirudi mahali pake, kila kilichosafishwa na kupimwa kimefunikwa. Mwenye gari husikia injini imewaka, na injini ya fundi mvivu nayo huwaka siku hiyo hiyo. Tofauti hujitokeza miezi baadaye, mlimani. Ndiyo maana naitukuza kazi hii: inamdai mtu ukamilifu mahali ambapo hakuna atakayekagua, na inamdai pia aseme ukweli usiopendeza, kwamba rejeta izibuliwe, thamostati irudishwe, na maji ya mvua yakingwe kwa ajili ya gari kama yanavyokingwa kwa ajili ya kupikia.

Wala kazi hii haimwachi fundi injini ikishawaka. Katika injini nyingi za zamani gasketi huendelea kujibana kwa joto, na mkazo wa bolti hupungua. Gari likishatembea kidogo hurudishwa, huachwa lipoe usiku kucha, na bolti hulegezwa moja moja na kukazwa upya kwa kipimo. Madereva wengi hawarudi, maana gari linakwenda. Fundi anayestahili jina hilo humfuata dereva hadi barazani kwake: "Bwana, lilete kesho asubuhi kabla hujaliwasha." Hamdai kitu kwa saa hiyo, kwa kuwa imo ndani ya bei aliyokwisha kupokea.