Mume wa Ndugu

Hadithi ya picha *Otōto no Otto*, aliyoitunga Gengoroh Tagame wa Japani kati ya mwaka 2014 na 2017, yaeleza habari za Mike, mtu wa Kanada, aliyefika nyumbani kwa Yaichi baada ya kufa Ryoji, pacha wa Yaichi na mume wa Mike. Jina lake tukilifasiri "Mume wa Ndugu Yangu", msomaji wa Soni, asemaye Kishambaa nyumbani na Kiswahili sokoni, hatashtuka, maana "ndugu" halitengi mume na mke. Mshtuko huo ndio mlango wa hadithi. Mfasiri hana budi kusema "ndugu yangu wa kiume".

Tena, mjane ni mwanamke aliyefiwa na mume, na mgane ni mwanamume aliyefiwa na mke. Mike hamo katika mawili hayo. Lakini "shemeji", neno ambalo wanaume wamezoea kuitana, lampokea; na safari yote ya Yaichi ni kulifikia.

Uzuri wa michoro ni utulivu wake: Yaichi huonyeshwa akijibu kwa ukali moyoni, kisha picha ifuatayo humwonyesha akinena kwa adabu. Kasoro ni moja. Ryoji amekwisha kufa, na mapenzi yenyewe twayaona katika kumbukumbu tu: twaonyeshwa msiba wa ndoa kuliko ndoa.