Kitoweo Kisichohitaji Ugali

Barabara ya kutoka Dar es Salaam kwenda Mwanza imejaa wanga. Gairo abiria anapokelewa na viazi vitamu. Kibaigwa, mji uliokuzwa na soko la nafaka, kuna mahindi. Dodoma kuna zabibu. Basi likisimama kwa chakula cha mchana, sahani inayotoka haraka kuliko zote ni ya wali au chipsi, na kondakta ameshatangaza kwamba gari halikai. Kwa abiria wengi hiyo ni neema ya njia. Kwa mwenye kisukari, ambaye sahani ya wali ya gramu 300 inamwingizia gramu 80 hivi za wanga kwa mkupuo mmoja, safari ya zaidi ya kilomita 1,100 inashindwa au kufaulu jikoni, usiku wa kuamkia safari.

Shangazi yangu, mwalimu mstaafu wa Kimara, anaishi na kisukari aina ya pili, na wajukuu zake wako Mwanza. Yeye ndiye fundi ninayetaka kumsifu. Alipunguza wanga baada ya kukubaliana na daktari wake, naye daktari akapanga upya dawa, maana anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari akipunguza wanga ghafla kwa uamuzi wake mwenyewe anaweza kuanguka. Baada ya hapo ikabaki kazi ambayo daktari hakuweza kumfanyia, yaani kushiba akiwa njiani.

Wengi wakiambiwa wapunguze wanga huanza kwa kuondoa. Wanatoa ugali, wanatoa wali, wanafunga kilichobaki. Kabla ya Morogoro njaa imeshawashinda, na dirishani kuna mtu anauza mahindi. Tatizo ni kwamba kile kilichobaki kilipikwa kiende na ugali. Chumvi yake ilipimwa kwa ajili ya tonge, na mchuzi uliachwa mwingi ili tonge lipate pa kuchovya. Ukila mchicha huo peke yake, chumvi inakukinaisha mapema, na hata ukimaliza bakuli, tumbo bado linauliza chakula kiko wapi. Shangazi aliligundua hilo, na ufundi wake wote umesimama hapo. Anapika kitoweo kinachojitegemea: chumvi nusu ya kawaida, mchuzi hakuna, mafuta ya kutosha, na kitu cha kutafuna.

Mtazame akitengeneza mayai ya kukunja. Anapiga mayai mawili, anapaka mafuta ya alizeti kwenye kikaango kipana, anamimina na kukizungusha mpaka yai litande jembamba hadi kingoni. Pembeni mchicha unaiva bila maji ya kuongeza. Haondoki jikoni wakati huo, anausikiliza. Maji ya majani yakiwa bado yapo, sufuria inavuma kwa sauti nzito. Yakikauka, sauti inakuwa kali, ya kukaanga, naye hapo ndipo anapotia kijiko cha karanga zilizosagwa na kukoroga mpaka mchicha ushikane. Anaupanga juu ya yai, anakunja kwa kubana, anaacha upoe kabisa ndipo anakata vipande. Ukikata ukiwa wa moto unafumuka, na ukifunikwa wa moto unatoa jasho ndani ya kopo. Karibu kila anachofanya usiku huo ni vita dhidi ya maji, kwa kuwa ndiyo yanayolainisha, yanayochachusha na yanayovuja kwenye nguo za watu.

Chapati ameipatia mbadala kwenye kabichi. Anachagua majani makubwa ya nje, anayazamisha kwenye maji yanayochemka kwa muda mfupi tu, hadi yakubali kupinda bila kuvunjika. Kisha analaza jani juu ya kibao na kwa kisu kidogo anaparua ule mshipa mnene wa katikati mpaka ulingane na jani lenyewe. Anakausha kila jani kwa kitambaa safi, pande zote mbili. Ndani yake anaweka kuku aliyechomwa kwa ndimu, tangawizi na kitunguu saumu, akiwa ameshachambuliwa mifupa yote. Nilimuuliza kwa nini anajisumbua na mifupa. Akanijibu, "Mwanangu, kwenye basi mfupa utauweka wapi?" Chakula cha safari kinaliwa kwa mkono mmoja, huku mwingine umeshika kiti cha mbele, na yeye anakipika akiwa na picha hiyo kichwani.

Hotpoti haiingii kwenye safari hii, ingawa anayo nzuri. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kikae juu ya nyuzi joto 60 za Selsiasi au chini ya 5, na kisiachwe kwenye joto la kawaida zaidi ya saa 2. Hotpoti inaanza vizuri, lakini basi la Mwanza linakwenda mchana kutwa na kuendelea, na chakula kinashuka taratibu hadi kwenye uvuguvugu ambao vijidudu wanaupenda. Kwa hiyo anakwenda na baridi. Kila kitu kinalala kwenye friji, na chupa mbili za maji zinagandishwa tangu jana yake. Alfajiri anazilaza chupa ndani ya kibegi kinachozuia joto, kuku na mayai kati ya chupa hizo, halafu anafunga bila kuacha nafasi tupu. Kadiri barafu inavyoyeyuka anapata maji baridi ya kunywa, na hana haja na soda, ambayo chupa moja ndogo hubeba gramu 30 na zaidi za sukari.

Kisha kuna mpangilio wa kula, na hapa ndipo ninapomvulia kofia. Vitu vinaliwa kwa kufuata uwezo wake wa kudumu. Mayai na kuku vinakaa juu, na vinamalizwa wakati barafu bado ngumu. Chini yake kuna matango mazima na parachichi zima, ambalo usiku ule alilibonyeza karibu na kikonyo kuhakikisha litaiva kesho mchana. Parachichi halipasuliwi nyumbani, litakuwa jeusi. Ganda lake ndilo kopo lake, kinachohitajika ni kijiko na kipande cha ndimu. Chumvi inasafiri peke yake kwenye karatasi iliyosokotwa, maana tango lililotiwa chumvi nyumbani linafika likiogelea. Mwisho kabisa kuna dagaa waliokaangwa wakakauka kau, pamoja na karanga, vitu visivyojali joto wala saa.

Karanga anazipima kwa kikombe cha kahawa na kuzifunga kwenye vikaratasi, kila kimoja sehemu yake. Mfuko ukiwa mmoja mkubwa, anasema, mkono haujui pa kuacha. Anapenda korosho, lakini anajua kwamba gramu 100 za korosho zina wanga karibu mara mbili ya karanga, gramu 30 hivi kwa 16, hivyo korosho zinapata kikaratasi kimoja tu. Hapigi marufuku. Anapanga.

Vitu viwili kwenye kibegi hicho vinaonyesha kiwango cha ufundi huu. Cha kwanza ni pakiti ya glukosi, iliyowekwa mfuko wa nje ambao mkono unaufikia bila kutafuta. Mtu anayekwepa sukari siku nzima anabeba sukari kwa sababu anatumia dawa inayoweza kuishusha kupita kiasi. Akitetemeka, akitokwa na jasho jembamba, akichanganyikiwa, anahitaji gramu 15 za sukari, kama vijiko vitatu au vinne vya chai, kisha kupima tena baada ya dakika 15. Wakati huo yai halitamsaidia. Jirani yake wa kiti anaonyeshwa mfuko huo mapema, kabla ya Chalinze.

Cha pili ni fungu la ziada. Huwezi kufungua chakula ndani ya basi letu ukala bila kumkaribisha uliyekaa naye, na anayekaribishwa akikubali, sehemu yako imepungua. Wengi hulitatua hilo kwa kula kwa kujificha au kwa kutokula. Shangazi hufunga cha watu wawili. Akisema "karibu, mwanangu" anamaanisha, na yeye mwenyewe hatapungukiwa. Jirani anakula kabichi lenye kuku, anasifia, na hakuna anayelazimika kusikia habari za ugonjwa. Jirani akikataa, fungu hilo linafunika pengo basi likiharibika. Na ikibidi kununua, anajua pa kununulia: Singida, kwa kuku wa kienyeji aliyechomwa, akiwa wa moto.

Tunawasifu wapishi wa pilau ya harusi, na wanastahili. Lakini sufuria ile inaliwa palepale, moto ukiwa chini yake. Huyu anapika leo kwa ajili ya mtu aliyechoka wa kesho, mwenye njaa, aliyebanwa kitini, anayeitwa na kila beseni linalopita dirishani. Anamwandalia chakula ambacho kitamvutia kuliko beseni hilo, na hiyo ni heshima kubwa kumpa mtu, hasa ukiwa ndiye wewe mwenyewe.

Anayetaka kujifunza asianze na kibegi wala chupa za barafu. Aanze na mboga ya jioni ya leo. Apunguze chumvi, akaushe maji, aongeze karanga au nazi, kisha aionje bila tonge. Bakuli likiisha bila yeye kuulizia ugali, ameshapata msingi wa kazi. Kufunga atajifunza njiani.